Zimwi Lililotwangwa Baada ya Kutubu

Ilikuwa mwaka ule mashine ya kuchapa ilipoingizwa kwa kubomoa mlango. Hapana, si huo. Mwaka huo watu walikuwa bado wanaushangaa mlango. Ni mwaka uliofuata, ule ambao Wino aling'olewa jino, na jino lenyewe tutalifikia, maana bila jino hakuna hadithi.

Wino ni jina la mtaani. Alipewa kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo hata siku ya harusi yake vilikuwa vyeusi. Alifanya kazi kwa dada yake mkubwa, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji: chumba kimoja, mashine moja, dirisha moja lililokataa kufunguka. Wiki nzima walichapa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Ijumaa ndiyo ilikuwa ya Wino. Siku hiyo alichapa katuni yake, kurasa nane kwenye karatasi moja kubwa ya kukunja.

Shujaa wake aliitwa Kifuniko, mama wa makamo mwenye aproni, asiyeruka angani wala kutoa moto machoni. Silaha yake ilikuwa kifuniko cha sufuria. Kila wiki lilitokea zimwi jipya, na kila wiki Kifuniko alilitwanga kichwani, PAAA!, kisha akalihurumia. Hapo pa huruma Wino alipashikilia sana. Yeye ni mtu wa kumtoa mende nje kwa karatasi, tena kwa kumwomba radhi.

Dada yake hakuwa na hamu na mambo hayo. "Mdogo wangu," alisema Alhamisi hiyo, "bunda moja tu likirudi kutoka kwa wauzaji, katuni basi. Ijumaa nawapa wanaooa. Wao hawangoji mazimwi."

"Halirudi, dada."

"Wiki iliyopita yalirudi matatu."

"Mvua ilinyesha."

"Ilinyesha ndani ya bunda?"

Sasa, karatasi ya kukunja haipangwi moja, mbili, tatu. Kurasa nyingine hukaa miguu juu, na ya tano hugongana vichwa na ya nane. Ndiyo maana Wino hukunja kwanza kikaratasi cha mfano, akakiandika namba, akakitundika msumarini na kupanga mabamba ya kuchapia kurasa kwa kukifuata. Kwenye katuni yenyewe namba hakuweka. Alisema zinachafua picha. Ijumaa hiyo alipomaliza tu kupanga, jino likamvamia. Akashika shavu, akatoka mbio kwenda kwa daktari wa meno, chumba akamwachia dada. Aliporudi, shavu limevimba kama mpira, mashine ilikuwa inaimba na mabunda yanafungwa.

Jumamosi asubuhi kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisimama mlangoni kwake, wembe mkono huu, katuni mkono huu, mteja ndani amenyolewa nusu.

"Wino! Njoo hapa, katili wewe!"

"Nimefanya nini?"

"Tazama! Ukurasa wa nne zimwi linameza mapaa ya nyumba. Wa tano linafagia mtaa, watu wanalipigia makofi. Wa sita limepiga magoti, 'Nimekoma, mama.' Wa saba Kifuniko analishikisha ufagio. Halafu wa mwisho, PAAA! Linarushwa mpaka nyuma ya tangi la maji! Aliyetubu hutwangwa?"

"Tena ufagio amelinyang'anya," mteja akasema kutoka ndani. "Hapa hauonekani."

Wino akaangalia, akahesabu kurasa kwa kidole. Ya tano na ya nane zilikuwa zimebadilishana nafasi. Alijaribu kueleza, lakini kwa shavu lile maneno yalitoka kama ya mtu anayesukutua.

Mchana akaingia nesi mstaafu, jirani yao, fimbo mbele.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa. Niambie kweli. Hilo zimwi li hai?"

"Bibi, ni la kuchora."

"Sikukuuliza limetengenezwa na nini. Li hai?"

"Li hai."

"Limelalaje?"

"Chali, nadhani."

"Chali! Na kichwa kile? Lilaze ubavu, litakabwa!"

Jioni dada alileta habari. Hakuna bunda lililorudi. Lakini wauzaji walisema wasomaji wameapa: Kifuniko asipojieleza wiki ijayo, hawatamshika tena mkononi.

Ingetosha kuandika mstari mmoja wa kuomba radhi kwa kurasa kupinduka. Wino aliuandika, akaufuta. Angemwambiaje bibi yule kwamba huruma yake yote ilitokana na mkunjo wa karatasi?

Akachora siku nne. Kifuniko anapika, na kifuniko kinakataa kukaa juu ya sufuria. Kinaruka, kinagonga. Tok-tok, alikuwa amekoma. Tok-tok, alikuwa amekoma. Mama wa watu halali, hali. Mwishowe anabeba sufuria mpaka nyuma ya tangi. Zimwi lipo, limelala ubavu, linaishi kwa kulamba matone ya bomba, na kwa mkia linafagia pale linapofikia. Kifuniko analiwekea silaha yake miguuni. "Nipige na wewe." Zimwi linafikiri picha mbili nzima. "Sipigi mtu nikiwa na njaa. Sufuriani mna nini?"

Safari hii kurasa zilikuwa na namba, kubwa kama mayai.

Jumamosi kabla ya saa sita mabunda yote yalikwisha. Kinyozi alisoma kwa sauti mara mbili, akasahau mkono wake, na mteja aliyetaka kupunguzwa akatoka na kipara kinachong'aa, anacheka na kuimba tok-tok. Nesi alivaa miwani, akakagua picha ya nyuma ya tangi. "Ubavu wa kushoto. Vizuri." Wanaooa wakahamishiwa Jumatatu.

Wino alipobaki na dada yake alikitoa kile kikaratasi cha wiki ya jino msumarini, akakifungua. Tano ilikuwa mahali pa tano, nane mahali pa nane. Na mabamba aliyapanga kwa mikono yake mwenyewe, akayahakiki mara mbili.

Akamwuliza dada. Dada akasema uzi wa kufungia umekwisha, akatoka kuununua. Akamwuliza tena mwaka mpya, akaulizwa kama chai ina sukari. Mpaka leo, wajukuu wakiwa wamewajaa magotini, humwinamia sikioni:

"Dada, siku ile nilipokwenda kung'oa jino, nani aligusa mabamba yangu?"