Doa Moja la Bluu

Mdogo wangu tunamwita Kwanini. Alipojua tu kuongea, alimuuliza baba kwa nini ana nywele puani, na hajanyamaza mpaka leo. Hata mimi, niliyeiacha stashahada nusu, ananiuliza kwa nini, nami najifanya simu inaita.

Yuko kidato cha tatu. Mwaka jana vijana wa shirika moja walifika shuleni kwao wakasema wanafunzi wenyewe wafanye utafiti: waulize wenzao, wachore, wawaonyeshe wazazi na walimu, shule ibadilike. Kiongozi wa watafiti akachaguliwa nani? Mama akasema, "Haya, ugonjwa wake umepata ajira."

Walichora ramani ya shule kwenye karatasi kubwa kama shuka. Kila mwanafunzi akapewa doa la karatasi ya kunata, abandike mahali anapoogopa. Hakuna jina, ila kila darasa na rangi yake. Darasa la viziwi lina wanafunzi watatu tu, na watafiti wenzake walitaka kuwachanganya na wengine. Kwanini akawaka. "Kila siku hao wanasahaulika! Wapeni rangi yao!" Wakapewa bluu.

Mmoja wa hao watatu ni rafiki yake wa chanda na pete, binti tunayemwita Fundi kwa sababu hakuna zipu iliyowahi kumshinda. Yeye ndiye aliyemfundisha Kwanini lugha ya alama. Walikuwa wakikaa barazani kwetu wakisengenya kwa vidole, na nilijua kabisa anayesengenywa ni mimi. Fundi akichoshwa na maswali, alitia mikono mfukoni: mazungumzo yamefungwa. Kwanini alimtekenya mpaka aitoe.

Siku ya kubandika, Fundi alilishika doa lake muda mrefu. Akauliza kwa mikono: hawatajua ni mimi? Kwanini akamjibu: hakuna majina. Ndipo Fundi akalibandika kwenye stoo ya vifaa vya michezo. Humo ndimo makamu wa mwalimu mkuu alimokuwa akichapia watoto, na Fundi alichapwa humo kila mara kwa kuchelewa darasani. Hakuwa akisikia kengele. Hapo sijatia chumvi.

Viziwi wenzake wawili, wadogo bado, walibandika langoni kwa mbwa wa mlinzi.

Siku ya kikao wazazi walijaa ukumbini. Madoa yalikuwa yamerundikana kwenye stoo kama nzi kwenye kidonda. Makamu alisimama mbele ya ramani, mikono nyuma, mpole kama daktari wa meno.

"Hongera sana, mwanangu. Na hii bluu ni kina nani?"

Kwanini alikuwa akiomba mtu aulize hilo. "Ni darasa la viziwi, Mwalimu. Hatukutaka waachwe."

Wazazi wakapiga makofi. Makamu naye akapiga, kisha akasogeza uso karibu na stoo. Rangi nyingine zilikuwa nyingi, humjui mtu. Ya bluu ilikuwa moja. Kwanini anasema aliona kosa lake wakati bado anapigiwa makofi.

Wiki iliyofuata baba yake Fundi aliitwa ofisini, akaambiwa shule haina uwezo wa kumhudumia mtoto wa namna hiyo, amtafutie pengine. Hiyo pengine yenyewe haipo. Kwanini akamwendea mwalimu mkuu, akalia, akasema wazo la rangi lilikuwa lake, aadhibiwe yeye. Mkuu akamtuliza: ripoti yao imefanyiwa kazi. Mbwa amefungwa mnyororo na stoo imepakwa chokaa.

Jumamosi alinikokota nimsindikize. Fundi alikuwa kwenye kibaraza cha baba yake, nyuma ya cherehani, anatia zipu kwenye suruali ya mtu. Kwanini akasimama mbele yake, mikono ikaenda mbio, vidole vikigongana. Hata mimi nisiyejua alama nilielewa.

Fundi alimwacha amalize. Akakata uzi kwa meno, akaiweka suruali pembeni, akatia mikono mfukoni.

Kwanini hakumtekenya.