Nilimwomba Msamaha Mume wa Jirani

Leo naweza kucheka, lakini wiki nzima baada ya kisa hiki nilikuwa natega sikio mlangoni kwanza, nikisikia korido ni tupu ndipo nitoke kutupa taka. Mimi, fundi cherehani wa miaka hamsini na nane, mjane wa mtu aliyeheshimika!

Jamani, tangu mume wangu afariki naishi peke yangu katika ghorofa hapa Joubert Park, na binti yetu Thandi, aliyeko Cape Town, huu mwaka wa pili hapokei simu zangu (sababu ipo, nitaisema). Sasa katika kuchezea simu nikakuta video ya mwalimu mmoja anafundisha maombi ya watu wa Hawaii, yanaitwa hooponopono: unamuwaza uliyekosana naye, unarudia samahani, nisamehe, asante, nakupenda, na mambo yanalainika. Nikajaribu. Ila nikajiongezea utaalamu wangu, nikaamua niyaseme nimeelekea Cape Town, na kwa hesabu zangu za jua Cape Town ikaangukia ukuta wa kitandani, basi kila siku saa kumi na mbili asubuhi naegemeza paji la uso pale, nanong'ona, na machozi yakija sauti inapanda yenyewe.

Upande wa pili wa ukuta ndipo wanapolala Mama Sifa, Mkongo wa Bukavu, na mumewe. Mume ni mlinzi wa usiku, hurudi kutoka kazini muda huohuo, wakati mkewe ameshatoka kwenda sokoni. Jumamosi moja Mama Sifa aliamka na homa, hakwenda. Akanisikia.

Mlango wangu ulipigwa kama unavunjwa. Nikatoka na khanga.

"Mimi nikienda soko, wewe unasemaka na bwana yangu ku ukuta? Nakupenda, nisamehe! Alikufanya nini?"

Milango yote ya korido ikafunguka. Mumewe alikuwa nyuma yake, bado na sare. "Miye nilifikiri ni redio," akasema, akazidi kuharibu.

"Ni maombi ya Hawaii!" nikapiga kelele.

"Hawaii ni nani tena?"

Watu wakacheka hadi wakashika kuta. "Eish, gogo!" kijana mmoja akasema kutoka kwenye ngazi; ndivyo wanavyomwita bibi huku. Nikaona nisipoeleza nitahama jengo, nikaeleza yote, kwamba nilikuwa nasema na mwanangu, kwamba siku ya mazishi ya baba yake alichelewa kufika, nami nikamwambia mbele ya waombolezaji kuwa yeye ndiye aliyemuua kwa presha.

Kicheko kikakatika. Mama Sifa akashusha kidole alichokuwa amenielekezea. "Na yeye mwenyewe," akauliza polepole, "ulishamuambia pole?"

"Hapokei."

"Basi andika."

Akaingia kwake, na wengine wakafunga milango taratibu, mmoja baada ya mwingine, na ule upole wao uliniuma kuliko kicheko, maana sasa jengo zima lilijua kwamba sina mtu.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikaandika ujumbe kwenye simu, kwa Kiswahili, ambacho Thandi anakielewa ingawa alizoea kujibu kwa Kiingereza. Nilianza na ile siku ya mazishi, bila kujitetea.

Kusema na ukuta nimeapa sirudii. Nikimkumbuka namwandikia, hata mstari mmoja. Bado hajajibu. Lakini zile alama mbili za vema chini ya ujumbe zinageuka buluu, anasoma.