Mtoto Aliyekuja Bila Maji

Lasinem alikuwa mfyatua vigae kule Java, katika kijiji ambacho moshi wa tanuri hauishi. Nimekaa nao miaka mingi, nikitembeza mitishamba yangu nyumba kwa nyumba, na sijaona mtu mwenye subira ya udongo kama yeye. Miaka minane ya ndoa mimba ilikuwa haishiki. Iliposhika, hata hatua yake ikabadilika.

Ila tumbo halikukua. Wenzake bandani wakamtania.

"We Lasinem, hiyo mimba au wali wa jana?"

"La kwako lilikuwa kubwa, ukazaa nini? Yule mvivu?" akajibu, wakacheka wote.

Mwezi wa sita akaenda mjini na mumewe, Tukiran. Daktari akampitishia chombo tumboni, akarudia tena na tena. Mwisho akasema mtoto hakuumbwa na figo.

"Maji anamokaa mtoto, mama, mengi ni mkojo wake mwenyewe. Huyu hana pa kuyatengenezea, na bila maji mapafu hayakui. Akizaliwa, atapumua kidogo tu."

"Nilikula nini kibaya?"

"Hukula kitu. Ameumbwa hivyo."

Sasa, kwa wale watu, maji ya uzazi ni kaka wa mtoto: hutangulia kutoka, amfungulie njia. Na mwezi wa saba mama huogeshwa kwa maji ya visima saba, majirani wakala, mtoto akakaribishwa duniani. Mama mkwe wa Lasinem, Mbok Giyem (mbok kwao ni mama), akakataa shughuli hiyo katakata.

"Tumkaribishe nani, mwanangu? Hana hata kaka wa kumtangulia. Watu watatucheka."

"Watacheka siku moja, Mbok. Mimi nitalia miaka. Basi mwanangu asikaribishwe hata mara moja?"

"Usinipandishie sauti."

"Sipandishi. Naomba."

Mwezi wa saba ukapita bila shughuli. Lasinem akaendelea na vigae vyake, akizungumza na tumbo chinichini. Mtoto hakucheza sana. Pa kuchezea hapakuwapo.

Uchungu ulimshika mwezi wa nane, asubuhi, tukamfikisha zahanati. Mkunga akasubiri chupa ipasuke. Hakikupasuka kitu, kitanda kikavu, sakafu kavu. Mbok Giyem alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani. Mara akatoka. Sisi tuliosubiri nje ya mlango ulio wazi tukamwona anateka maji kisimani. Akarudi ndani na mtungi, akayamwaga taratibu miguuni pa mkwewe.

"We bibi, unaniloweshea sakafu!" mkunga akapiga kelele.

"Nyamaza. Kaka mkubwa anatangulia." Halafu akainama karibu na tumbo. "Njoo sasa, mjukuu wangu. Njia iko wazi."

Akaja. Wa kiume, pua imebapa, masikio yameshuka chini, na viganja vipana, vipana kweli, kama vya baba yake. Hakulia. Tukiran akamwadhinia sikioni, sauti ikimkatika, akamwita Raharjo. Alipumua kidogo kifuani mwa mama yake, pumzi za juujuu, kisha hazikurudi tena.

Mbok Giyem akampokea, akamfunga kitambaa cha batiki alichokuwa amejitanda mwenyewe. Akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu.

"Karibu, Raharjo," akamwambia.

Lasinem alikuwa amefumba macho.

"Mwambie tena, Mbok," akasema.