Bi Pumzika na Miguu ya Ukumbini

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Pumzika, na mwenyewe alilipokea kwa kicheko. Alikuwa mwalimu wa michezo, mnene kiasi, na walimu wenzake hawakuchoka kumtania kwamba mganga hajigangi. Somo lake lilikwenda kinyume na mazoea. Kabla ya kukimbia, watoto waliweka vidole shingoni wausikie moyo unavyodunda. Aliwafundisha kuanguka bila kuvunjika, kuvuta pumzi na, zaidi ya yote, kuinua mkono na kusema wamechoka. Aliyemcheka mwenzake kwa kukaa alifagia ukumbi mzima.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Zamani yeye ndiye aliyefundisha michezo, na kabati la ofisini lilijaa vikombe vya enzi zake. Sasa shule haikuambulia hata kimoja. Akamwambia Bi Pumzika kwamba atakuja kukitazama kipindi chake, na asiporidhika, somo atapewa mtu mwingine. Mama wa watu akaumia sana, maana aliwahofia watoto. Ule ukumbi alikuwa anaujua.

Kila alipopuliza filimbi ya kusimama, watoto wote walisimama, lakini miguu ya mtu mmoja ilisikika ikiendelea kukimbia. Ilikwenda pekupeku, kandokando ya kuta, ikizunguka. Mtu mwenyewe hakuonekana. Watoto walishazoea, wakawa wanaisubiri ipite. Mfagiaji wa siku nyingi alimnong'oneza Bi Pumzika kwamba kuna msichana aliyewahi kuanguka pale akikimbia, asiinuke tena. Alikuwa ameomba kupumzika, akaambiwa aongeze mwendo. Bi Pumzika hakuuliza ni nani aliyemwambia msichana hivyo. Vikombe alikuwa ameviona.

Siku ikafika. Mwalimu mkuu akasimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma. Filimbi ikalia, watoto wakasimama tuli. Miguu ikaendelea.

"Nani huyo?" aliuliza mkuu. "Simama hapo hapo."

Miguu ikaongeza kasi. Iliitambua sauti ile; tangu hapo zamani, kila ilipoisikia ilizidi kukimbia. Ikampita karibu mno, hata tai yake ikapepea, na uso ukamsawijika. Bi Pumzika naye aliogopa, tusidanganyane.

Ndipo msichana mdogo wa mstari wa mbele akainua mkono.

"Mwalimu, nimechoka. Naomba nikae."

"Kaa, mwanangu."

Mtoto akakaa. Kule ukutani miguu ikapunguza mwendo, ikawa ya kutembea, ikakoma. Kisha ubao wa sakafu ukalia, kama unavyolia mtu anapoketi juu yake, na ikasikika pumzi ndefu ikishushwa.

Machozi yalikuwa yanamtiririka mwalimu mkuu.

"Na yeye anaruhusiwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wote wanaruhusiwa, mkuu. Hata wewe."

Akamwomba Bi Pumzika aendelee na somo lake. Kisha akaketi sakafuni na suti yake, wala hakuthubutu kugeuza shingo kutazama ukutani.