Mwanzi Mbichi Motoni

Haya sikusimuliwa na mtu, yalinipata mwenyewe hapa Kilolo. Wajukuu zangu, wanaojua ninavyojisifu, hawajawahi kuyasikia.

Gaspari wangu alikwenda vita ya Uganda. Nilitamba kila kilabu cha pombe: mwanangu askari! Vita ikaisha, wenzake wakarudi na lori wakishangiliwa, yeye hakushuka. Watu wakaanza kunipa pole nusunusu.

Asubuhi moja ya ukungu nilikwenda kugema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ndani ya mianzi kachuchumaa mtu. Uso wa Gaspari, macho si yake.

"Kamwene, mwanangu," nikamsalimu. Kimya. Mara tatu, kimya.

Wewe ungedhani nini? Kwetu asiyeitikia salamu hivyo ni msukule, mfu anayetumwa na wachawi, ulimi wamemkata. Akanifuata hadi nyumbani, na niamini, hata jani halikulia chini ya miguu yake.

Wifi yangu Semeni akaninong'oneza, "Tumbukiza mwanzi mbichi motoni. Ukipasuka, atakimbia kwa waliomtuma."

"Na kama ni Gaspari?"

"Gaspari gani hamsalimii mama yake? Au unaogopa, wifi?"

Mimi niogope! Nikautumbukiza.

Ukapasuka paa! kama bunduki. Hakukimbia. Alinirukia, akaniangusha, akanilalia mwili mzima. "Mama, lala! Usiinue kichwa!" Ulimi ulikuwepo. Moyo wake ulinidunda mgongoni kama mchi. Alikuwa ananikinga.

Na mimi? Nikapiga yowe: "Msukule ananiua!" Wanaume wakaja na kamba, wakamfunga kwenye nguzo. Semeni akaweka mwanzi wa pili, sikumkataza. Mwanangu alijikojolea mbele ya watu, mtu mzima, huku akiniita mama.

Jioni walipomfungua ndipo akatuambia: aliteremka lile lori njiani, zile kelele za shangwe zilimshinda.

Sasa anaishi Mbeya, kwangu hajakanyaga tena. Nikienda, mkewe ananikaribisha, yeye amekaa mgongo ukutani, macho mlangoni. Nasema, "Kamwene." Siku nyingine anaitikia, siku nyingine haitikii. Nasubiri.

Nawe mwenye mtoto aliyetoka vitani, akinyamaza usimtafutie mganga. Ondoa jikoni kila kinacholia, umsalimie. Na kesho umsalimie tena, na keshokutwa. Mimi nilisalimu mara tatu tu, nikachoka.