Uongo wa Asubuhi wa Bi Mwanakheir

Kila asubuhi Bi Mwanakheir aliandika uongo mmoja ubaoni. Watoto wake wa darasa la pili, pale Mkunazini mjini, walitakiwa kuukanusha, lakini kwa sharti: waseme "kwa sababu". Bila ya neno hilo jibu halikubaliwi, hata likiwa sahihi. Katika safari zangu, Aden na Bombay, nimesikia madarasa yakiimba alichosema mwalimu. Darasa lake lilibishana.

Kwa mabishano hayo alikwishaonywa mara mbili kuwa anafuga kelele. Onyo la tatu lingempeleka kufundisha shamba, nje ya mji, na mama yake kipofu alikuwa akizijua njia za Mkunazini tu.

Mwaka 1969 mkaguzi wa shule, Bwana Msabah, aliingia bila ya taarifa. Ubaoni palikuwa na maneno haya: Karafuu ni tunda, kwa sababu huchumwa mtini. Akasoma, akaridhika, akawaamuru watoto wamfuatishe. Hakuna aliyemfuatisha. Mikono ikapanda. Akamchagua Kazija, ambaye kila msimu huchuma karafuu pamoja na bibi yake.

"Si kweli, bwana, kwa sababu karafuu ni ua halijafunguka. Ukiliacha mtini ndo linakuwa tunda."

Darasa likacheka; walidhani mkaguzi naye anacheza. Yeye hakucheka. Akamgeukia mwalimu, akataka kujua nani kakosea.

Mwalimu akisema ni mchezo, Bwana Msabah atajua kuwa amenaswa mbele ya watoto arubaini. Akimnyamazisha Kazija, mkono ule hautapanda tena.

"Nimekosea mimi, bwana," alisema. "Kazija kapata."

Mkaguzi akashusha pumzi, akampongeza mtoto, akaandika kitu kwenye daftari lake. Wiki ya pili barua ikafika: mwalimu huyu hajui hata karafuu, ahamishiwe Fumba, shamba.

Huko ndiko nilikomkuta, mwaka 1971. Mama yake alihama naye, na kwa mwaka mzima alijifunza njia ya kisimani kwa kuhesabu hatua. Hilo Bi Mwanakheir alinieleza bila ya kucheka. Barua bado anayo. Nilimuuliza ya nini kuitunza.

"Ina kosa," alisema. "Kazija angeliona."

Kisha akaingia darasani, akaandika: Pweza ni samaki, kwa sababu anaogelea. Kabla hajaweka chaki chini, sauti ikatoka nyuma:

"Si kweli, mwalimu, kwa sababu hata mie naogelea."