Mpaka Mtamba Azae

Watu huniuliza gari lidumu muda gani ndipo mtu aseme pesa yake haikupotea. Huniuliza mimi kwa sababu nina diploma ya uhasibu, nayo imetundikwa sebuleni kwangu ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuitazama. Vitabu nilivyosomea vinajibu swali hilo kwa kurasa nyingi sana. Mjomba wangu, ambaye hakusoma ukurasa hata mmoja, alilijibu kwa pumzi moja, na kwa bahati mbaya jibu lililonitawala ni la kwake.

Niliondoka kijijini kwetu Kichiwa kijana mwenye blanketi moja, nikapanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, kwenda Tanga kukata mkonge. Wenzangu walirudi na cherehani, wengine na kikohozi. Mimi nilianza na panga, nikapandishwa ukarani kwa ajili ya mwandiko wangu, na jioni wenzangu walipocheza ngoma, mimi nilijibu masomo yaliyokuja kwa posta kutoka Uingereza. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kama ukweli unanisifu, mimi nifanyeje?

Msomi hawezi kurudi kwao akawa anatembea kwa miguu. Mzungu mmoja wa shamba la miwati karibu na Njombe alikuwa anarejea kwao, anauza pikapu yake. Akiba yangu ilitosha nusu ya bei. Nusu ya pili ilikuwa zizini kwa mjomba, inacheua. Walikuwa ng'ombe wa marehemu baba, aliowaweka kwa shemeji yake kwa desturi yetu: ng'ombe ni wako, jamaa anachunga na kunywa maziwa. Mjomba alikuwa ameyanywa maziwa hayo miaka yote niliyokuwa Tanga, kwa hiyo alikuwa na sababu nzuri sana ya kuchukia magari.

Aliitisha kikao cha ukoo.

"Kamwene, mwana wa dada yangu," alinisalimu, kwa upole ule wa mtu anayenoa kisu. "Hilo gari umeliangalia meno?"

"Mjomba, gari halina meno."

"Basi linakula nini?"

"Petroli."

"Na maziwa linatoa?"

"Halitoi."

"Mbolea je?"

"Moshi tu, shemeji," shangazi yangu alidakia, na ukoo mzima ukacheka, hata wale niliowaletea shati kutoka Tanga.

Mjomba akanyoosha fimbo kwa ndama jike aliyekuwa bado ananyonya. "Chukua ng'ombe uuze, niachie huyu. Ng'ombe akifa huwa ameacha mwingine. Gari lako halizai, basi angalau limngoje huyu awe mtamba, azae. Akizaa gari likiwa hai, utamchukua yeye na ndama wake, nami nitasema kanisani kwamba msomi kanishinda. Likifa kabla hajazaa, nachukua kinyungu."

Kinyungu ni bustani ya bondeni, yenye maji chini hata wakati wa kiangazi. Chetu alikiacha baba, na mama alilima humo mahindi na maharage miezi ambayo mlimani hakuna hata jani la kufukuzia nzi. Nilikubali kabla mama hajafungua mdomo.

"Umekwenda Tanga," mama aliniambia tulipofika nyumbani, "ukasoma, ukarudi, ukaweka mahindi yangu rehani kwa ajili ya bati?"

Nilimweleza kanuni za uchakavu, jinsi gharama ya chombo inavyogawanywa kwa miaka ya kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku nilipouza ng'ombe na kulileta gari uani, alikwenda chumbani, akachukua blanketi lake, akalifunika boneti.

Tangu siku hiyo nilikuwa na gari lenye mama. Asubuhi za baridi, umande ulipoganda kwenye nyasi, alikuwa akisukuma chungu cha makaa chini ya injini na kulisalimu. "Kamwene. Umeamkaje?" Lenyewe lilijibu kwa kukataa kuwaka mpaka nizungushe hendeli na viganja viote malengelenge. Mtu akiliegemea, mama alimwuliza kama kwao hakuna ukuta.

Lakini lilifanya kazi. Nilibeba viazi na magome ya miwati kupeleka Makambako, ambako siku zile palikuwa na maduka machache, vumbi, na upepo wenye kinyongo na binadamu. Niliegesha mahali pa wazi, nikashuka taratibu, nikafunga mlango mara mbili ili asiyesikia mara ya kwanza apate bahati nyingine.

Ndugu zangu walishindwa jambo moja tu: kuelewa gari ni la nani. Kwa akili yao lilikuwa kama ng'ombe. Kila shemeji alitaka liwekwe kwake msimu mmoja, alitunze, alitumie, na likifia mikononi mwake katika shughuli yake, atalipa kama desturi inavyotaka. Niliwacheka. Niliwaambia kwamba sheria za zizi haziingii kwenye gereji, na kwamba mwenye diploma hawezi kufundishwa umiliki na watu wanaoweka ng'ombe kwa wengine kisha wanakwenda kuomba maziwa.

Kilicholiua gari, kwa maoni yangu ya kitaalamu, ni heshima ya shangazi. Masika moja nilikuwa nampeleka Njombe, pamoja na mzee mmoja wa kanisa letu la Kilutheri. Katikati ya mlima rejeta ikachemka, na mto tulikuwa tumeuacha mbali. Nyuma shangazi alikuwa amekumbatia debe lililofungwa majani ya mgomba.

"Shangazi, kuna maji humo?"

Akamtazama mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa akamtazama yeye.

"Maji, mwanangu," alisema.

Nikamimina. Lilikuwa debe la ulanzi, pombe ya mianzi, iliyochacha sawasawa. Mvuke uliotoka pale ungemlewesha kunguru. Shangazi alitazama bonde kama mtu aliyepoteza kitu huko. Mzee wa kanisa alivuta pumzi ndefu, akavuta na nyingine.

"Maji ya kwenu," alisema, "yana harufu njema."

Tulifika Njombe. Tangu hapo rejeta iliziba huku na kuvuja kule. Mama aliziba nyufa kwa sabuni, na mimi nilitembea na maji kama mtu anayehudumia mgonjwa. Wakati huo ndama alikuwa ameshakuwa mtamba, na tumbo lake lilikuwa linatazamwa na kijiji kizima. Mjomba alimlambisha chumvi. Mama alilikanda gari kwa sabuni. Sijui nani alisali zaidi.

Ndipo asubuhi moja ya kipupwe mjomba akaja kwetu mwenyewe, bila kofia.

"Mtamba ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mguu mmoja umetoka, mwingine hauonekani. Mpwa wangu, washa gari tumfuate bwana mifugo Njombe."

Mama alinitangulia kujibu. "Akifa hajazaa, kaka, nani ameshinda?"

Mjomba alitazama chini. "Nyinyi."

"Na gari likifia njiani kabla hajazaa?"

"Mimi."

Hesabu ilikuwa rahisi kuliko zote nilizoletewa na posta. Kukaa ni kushinda, kwenda ni kuweka kinyungu cha mama juu ya rejeta iliyozibwa kwa sabuni. Diploma yangu ilisema nikae. Lakini ningeshukaje tena Makambako taratibu, nikafunga mlango mara mbili, watu wakijua kwamba siku ya haja gari langu lilikuwa limejifunika blanketi?

Mama ndiye aliyelivuta blanketi. "Nendeni," alisema. "Mama yake huyo alikuwa ng'ombe wa mume wangu."

Mjomba alipanda gari langu kwa mara ya kwanza, debe la maji katikati ya magoti. Kila kilima tulisimama kunywesha.

"Linakunywa kuliko ng'ombe," alisema.

"Lakini halilambi chumvi, mjomba."

"Lingelamba, lingekuwa na afya."

Tulimpata bwana mifugo, tukageuza. Tulipokuwa kwenye mteremko wa mwisho, nyumba ya mjomba ikiwa mbele ya macho, injini ilitoa sauti kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia, ikatoa moshi, ikakaza. Nilijaribu kuizungusha hendeli, haikusogea hata kidogo. Bwana mifugo alishuka na mkoba wake, akakimbia. Baada ya kitambo tukasikia vigelegele. Ndama alikuwa hai, tena jike.

Watu walikusanyika kati ya zizi na gari. "Gari limetangulia," jamaa mmoja alisema, kwa masikitiko yaliyojaa furaha. "Kinyungu kimekwenda."

Mama alikuwa amekuja na jembe lake. "Kaka," alisema, "ilikuwa safari ya nani?"

"Yangu."

"Nani alikuwa analinywesha?"

"Mimi."

"Mnyama akifia mikononi mwa aliyemchukua, katika shughuli yake, nani analipa?"

Wote walikuwa wameitamka desturi hiyo mbele yangu miezi mingi, wakitaka kuwekewa gari, na hapakuwa na hata mmoja wa kuikana. Mimi pia, ambaye nilikuwa nimeicheka, niliitambua ghafla kuwa ni sheria yenye busara kubwa sana.

Mjomba alimtazama dada yake. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kinyungu lima, dada. Mtamba na ndama wachukueni wakipata nguvu. Lakini anayelipa mnyama hubaki na mzoga."

Akafunga maksai wawili, akalivuta gari mpaka uani kwake, akatandika nyasi ndani, ndama akalala humo baridi yote. Kanisani hakusema kwamba nimemshinda. Alikwenda Makambako, akawaambia watu wa madukani kwamba yeye sasa ana gari, halinywi petroli, haliendi popote, na halijamgharimu chochote isipokuwa ng'ombe ambaye hata hakuwa wake.